Pikipiki yako ina rejeta ya oili? Ikinge na mawe kwa dumu kuukuu na kipande cha wavu

Jiwe dogo kama punje ya hindi linaweza kukuweka nyumbani wiki nzima bila kazi. Halijakugonga wewe. Limegonga rejeta ya oili ya pikipiki, oili ikamwagika njiani bila wewe kujua, injini ikajamu. Sasa chombo kimelala kwa fundi na bosi bado anataka hesabu yake.

Kwa wanaoendesha Bunda, Butiama na Musoma, hili si jambo la mbali. Ukitoka Kabasa unakanyaga vumbi na changarawe. Ukiingia barabara kuu ya Mwanza–Musoma unakutana na mabasi na malori yanayokwenda Sirari. Kwenye vumbi, jiwe linarushwa na tairi lako mwenyewe. Kwenye lami, linarushwa na aliye mbele yako, hasa pembeni pale kokoto zinapojikusanya.

Habari njema ni kwamba kinga yake haihitaji hela nyingi. Habari mbaya ni kwamba ukiikinga vibaya, unaweza kuua injini hata kabla jiwe halijafika. Kwa hiyo soma hadi mwisho kabla hujashika koleo.

Kwanza, pikipiki yako inayo au haina?

Bodaboda nyingi za mtaani hazina rejeta ya oili. Boxer BM 150 na TVS HLX zinapozwa na upepo unaopita kwenye mapezi ya silinda, yale mabapa yanayozunguka injini. Zenye rejeta ya oili ni kama Bajaj Pulsar 220, TVS Apache RTR 200 4V na Royal Enfield Himalayan ya sisi 411.

Ili kuwa na uhakika, chuchumaa mbele ya pikipiki uangalie nyuma ya gurudumu la mbele. Ukiona kisanduku bapa cha alumini chenye vibati vyembamba vilivyopangwa karibukaribu, na mabomba mawili yanayotoka hapo kwenda kwenye injini, ndiyo yenyewe. Kama ina mfuniko wa kujazia maji, hiyo ni rejeta ya maji, kama zile za pikipiki nyingi za miguu mitatu za kubebea mizigo. Kazi ni tofauti, ila namna ya kuikinga na mawe ni ileile.

Na kama yako ni Boxer au HLX, usiondoke. Matope yanayoziba mapezi ya silinda yanaleta joto vilevile. Sehemu ya madigadi na sehemu ya usafi zinakuhusu moja kwa moja.

Kwa nini kitu kidogo hivi kina uzito

Ndani ya injini, pampu inasukuma oili kwenye sehemu zinazosuguana. Oili inalainisha, na pia inabeba joto. Kwenye pikipiki yenye rejeta, oili hiyo ya moto inapitishwa kwenye vijibomba vyembamba vilivyo mbele, upepo unaichukulia joto, kisha inarudi kazini ikiwa imepoa kidogo.

Ili joto litoke haraka, vijibomba hivyo na vibati vyake lazima viwe vyembamba. Ndiyo maana ni dhaifu. Kibati chake unaweza kukipinda kwa kidole. Jiwe lenye ncha likipiga katikati ya vibati, linafika kwenye kijibomba.

Sasa piga hesabu. Injini nyingi za ukubwa huu hubeba takriban lita moja tu ya oili, au zaidi kidogo. Ni kama chupa moja kubwa ya maji ya kunywa. Hakuna akiba mahali pengine. Tundu dogo likiwa na pampu nyuma yake halihitaji muda mrefu kumaliza chupa hiyo. Na pikipiki nyingi za daraja hili hazina taa ya kukuonya kwamba oili inaisha. Utakuja kujua kwa harufu, kwa moshi, au kwa mlio wa chuma kwa chuma. Ukifika hapo, umechelewa.

Kuna hatari nyingine ambayo wengi hawaifikirii. Oili inayovuja mbele inapeperushwa nyuma. Inaweza kutua kwenye ekzosi ya moto na kufuka moshi, au kwenye tairi la nyuma na breki yake. Tairi lenye oili kwenye kona, tena umebeba abiria, hilo sasa si suala la pesa. Ni suala la maisha.

Adui si jiwe peke yake

Kiangazi, tatizo kubwa ni changarawe. Msimu wa vuli, Oktoba hadi Desemba, na ule wa masika, Machi hadi Mei, tatizo linakuwa matope. Tope likiganda kwenye vibati na kukauka linakuwa kama plasta, upepo haupiti tena.

Kwa walio karibu na ziwa, upande wa Guta au Musoma mjini, kuna wale wadudu wadogo wanaoruka kwa makundi kama wingu la moshi juu ya Ziwa Victoria. Ukipita katikati yao usiku, asubuhi rejeta imejaa. Ongeza mbegu za majani na vumbi, unapata zulia.

Hapo ndipo penye fumbo la kazi hii. Rejeta inahitaji kukingwa mbele, lakini pia inahitaji upepo kutoka mbele hukohuko. Ukiziba sana, umeshinda jiwe ukashindwa na joto. Jibu ni kupunguza mawe mapema kwenye gurudumu, halafu kuweka wavu mwepesi kwa yale machache yanayopenya.

Hatua ya kwanza: refusha madigadi ya mbele

Anza hapa, hata kama hutafanya kingine chochote. Mawe na matope mengi yanayopiga injini yanatoka kwenye tairi lako la mbele. Madigadi ya kiwandani mara nyingi huishia juu mno, kwa hiyo tairi linarusha uchafu moja kwa moja kwenye injini. Ukiirefusha kwa chini, unakata njia hiyo bila kuzuia upepo mwingi.

Unahitaji:

- Kipande cha plastiki ya dumu kuukuu la lita 20. Ni imara, kinapindika bila kukatika, na pengine unalo nyumbani. Mpira mgumu wa tairi chakavu nao unafaa.
- Bolti tatu fupi, nati zake, na washa pana.
- Kitu cha kutobolea. Kama huna drili, msumari uliopashwa moto unatosha kwa plastiki.

Namna ya kufanya:

1. Kata kiolezo kwa boksi gumu kwanza. Kiweke chini ya madigadi, angalia kinavyokaa, ndipo ukate dumu. Kosa la boksi halina gharama.
2. Acha plastiki ipande juu ya madigadi kama sentimita 5, ili bolti zishike vizuri. Upana uwe sawa na madigadi, au uzidi kidogo tu.
3. Mwisho wa chini usiguse ardhi. Acha nafasi ya kama kiganja cha mkono ili usikwaruze kwenye matuta na makorongo.
4. Weka kichwa cha bolti upande wa tairi na nati upande wa nje, ili ncha ya bolti isije ikachana tairi. Tumia washa pana pande zote mbili. Kaza nati mbili kwa kila bolti ili mtikisiko usizifungue.

Sasa sikiliza kwa makini. Kabla hujaondoka, mwombe mwenzako akae kwenye pikipiki, ashike breki ya mbele na kuisukuma chini kwa nguvu mara kadhaa ili shokapu zibonyee hadi mwisho. Wewe angalia pembeni. Plastiki isiguse tairi, isiguse ekzosi, isiguse rejeta. Zungusha usukani hadi mwisho, kushoto na kulia, uangalie tena. Nafasi kati ya plastiki na tairi iwe angalau sentimita 2, kwa sababu matope nayo yanataka pa kupita.

Usifunge kwa kamba wala waya peke yake. Kipande kikichomoka na kuvutwa kati ya tairi na madigadi, gurudumu la mbele linaweza kusimama ghafla. Hakuna rejeta inayostahili hatari hiyo.

Hatua ya pili: wavu mbele ya rejeta

Siri ya wavu ni ukubwa wa matundu. Watu wengi wanakosea hapa.

Wavu wa mbu wa dirishani ni mbaya. Hata ukiwa mpya unapunguza upepo, na ukishika vumbi na matope unakuwa ukuta. Wavu wa kuku wenye matundu makubwa nao haufai, maana kokoto zinapita humo kama mlango uko wazi.

Tafuta wavu wa waya mgumu wenye matundu ya mraba ya kama milimita 6, yaani tundu ambalo penseli ya kawaida inakaribia kupita. Ni ule unaotumika kwenye mabanda ya vifaranga na kuchujia mchanga wa kupigia plasta. Wavu wa matundu ya milimita 6 wenye waya mwembamba wa kama milimita 0.7 unaacha karibu asilimia 80 ya eneo wazi kwa upepo. Huo ni mpango mzuri: jiwe kubwa linagota, upepo unapita.

Huhitaji hata robo ya mita. Uliza mabaki kwa fundi wa madirisha au kwenye duka la vifaa vya ujenzi kabla ya kununua kipande kizima.

Namna ya kuufunga:

1. Pima rejeta, kisha ongeza sentimita 2 kila upande. Kata kiolezo cha boksi kama mwanzo.
2. Kata wavu, halafu kunja kingo zake zote nne kurudi nyuma kama sinia. Mkunjo huo unafanya mambo mawili: wavu unakuwa mgumu, na unakaa mbali na vibati.
3. Hakikisha kati ya wavu na vibati kuna nafasi ya milimita 10 hadi 15. Wavu ukigusana na rejeta, mtikisiko utausugua hadi utoboe alumini, na hapo utakuwa umejitengenezea jiwe lako mwenyewe.
4. Kingo zilizokatwa ni kali. Chukua mpira mwembamba wa bomba chakavu, uchane ubavuni, uvike kwenye kingo.
5. Fungia kwenye bolti zilizoishikilia rejeta au kwenye fremu, kwa kutumia vipande vya bati nene. Usifungie kwenye vibati vya rejeta, na usipitishe chochote katikati yake. Vile vifungo vya plastiki vya kufungia nyaya vinafaa tu mahali palipo mbali na ekzosi, la sivyo vitayeyuka.
6. Angalia kwamba wavu haugusi mabomba ya oili, nyaya, wala gurudumu shokapu zikibonyea.

Hesabu ya jumla? Bei za vifaa zinabadilika kutoka duka hadi duka, lakini pima hivi: kazi yote, madigadi na wavu, isizidi bei ya lita mbili za oili nzuri. Ikizidi hapo, unalipia urembo.

Kama pikipiki ni ya bosi au iko kwenye mkataba, mwambie mwenyewe kabla hujatoboa madigadi. Piga picha kwa simu, kabla na baada. Ikitokea ubishi baadaye, una ushahidi kwamba ulikuwa unalinda mali yake.

Hatua ya tatu: ijaribu kabla ya kuiamini

Siku ya kwanza, pita njia unayoijua, yenye kilima unachokizoea. Kama pikipiki inapoteza nguvu mapema kuliko zamani, au injini inagonga ikipanda, upepo haufiki. Toa wavu, urudi njia ileile. Tatizo likiisha, matundu ni madogo mno au wavu uko karibu mno.

Jioni, kaza bolti zote tena. Plastiki na bati vikishapata mtikisiko wa siku moja huwa vinalegea kidogo. Baada ya hapo, mara moja kwa wiki inatosha.

Kinga ya bure: mkono wa kulia

Kuna kinga isiyouzwa dukani, nayo ni mwendo. Nguvu ya jiwe haiongezeki sawasawa na mwendo, inaongezeka kwa mraba wake. Ukiongeza mwendo mara mbili, jiwe linalorushwa na tairi lako linapiga kwa nguvu mara nne. Ukishuka kutoka kilomita 80 kwa saa hadi 60, nguvu hiyo inapungua kwa karibu nusu.

Ukipishana na lori, hali ni mbaya zaidi. Wewe uko 60, lori liko 80, jiwe lililo hewani linakutana na wewe kwa mwendo unaokaribia jumla ya yote mawili. Kwa hiyo ukiona lori linakuja kwenye kipande cha changarawe, punguza. Na ukiwa nyuma ya lori, usimganande. Mwache aende, utamkuta Kiabakari.

Usafi: nusu ya kazi iko hapa

Kinga yoyote inayoshika mawe inashika na uchafu. Msimu wa mvua, angalia wavu na rejeta kila jioni. Kiangazi, mara moja au mbili kwa wiki.

Subiri injini ipoe kwanza. Kumwagia maji baridi injini inayochemka si vizuri, na wewe mwenyewe unaweza kuungua. Lowesha matope yalainike, kisha suuza kwa maji ya kawaida, ukiyapitisha kutoka nyuma kuja mbele kama nafasi inaruhusu, ili uchafu utoke ulikoingilia. Mswaki laini unatosha kwa wadudu na mbegu za majani.

Kwa vijana wa kuosha magari, sema mapema: mashine ya presha isielekezwe kwenye rejeta kwa karibu. Maji hayo yana nguvu ya kulaza vibati vyote, na vibati vilivyolala havipitishi upepo. Kibati kilichopinda kinyooshe taratibu kwa kijiti cha mbao au plastiki. Usitumie msumari, spoku wala bisibisi.

Wenye Boxer na HLX, fanya vivyo hivyo kwenye mapezi ya silinda. Na usifunike mbele ya injini kwa boksi, turubai au bango kwa sababu yoyote ile. Huo upepo ndio unaoipoza injini yako.

Ikishatobolewa, fanya hivi

Ukiona oili mbichi mbele ya injini, kwenye viatu vyako, au nyuma unakotoka, zima injini hapohapo. Usiseme "ngoja nifike tu senta". Kilomita mbili bila oili zinaweza kugeuza tatizo la rejeta kuwa tatizo la injini nzima.

Shusha abiria. Angalia tairi la nyuma na breki kama zimelowa, ufute vizuri kabla ya kusukuma. Kisha isukume au tafuta wa kukubebea.

Kwa fundi, kuwa makini na mambo haya:

Gundi ya chuma haishiki vizuri mahali penye oili, na joto pamoja na presha vitaing'oa. Inaweza kukupa moyo, ila usiitegemee.

Kuchomelea alumini kunahitaji fundi mwenye mashine na ujuzi wa alumini. Anayechomelea mageti ya chuma kwa kawaida hawezi kazi hii, atayeyusha kilichobaki.

Wapo mafundi wanaoiruka rejeta kwa kuunganisha mabomba mawili ya oili yawe njia moja, ili upate kufika nyumbani. Kwa baadhi ya pikipiki inawezekana, lakini oili lazima iendelee kuzunguka. Kuziba bomba moja moja ni kuzuia mzunguko. Na bomba la kuungia liwe la oili ya moto, maana la maji au la petroli halitahimili. Hata ikifanyika vizuri, hiyo ni safari ya polepole ya kwenda kutengeneza. Kazi ya siku nzima haifai.

Ukishaweka rejeta nyingine, jaza oili hadi alama, washa injini kwa dakika chache, izime, subiri kidogo, halafu pima tena. Rejeta tupu inakunywa oili yake kwanza, kwa hiyo kipimo cha mwanzo kinadanganya.

Nusu dakika kila asubuhi

Kabla ya abiria wa kwanza, fanya mambo manne. Simamisha pikipiki wima mahali tambarare, uangalie kiwango cha oili kwenye kioo au kijiti. Pitisha macho chini ya injini kama kuna doa jipya. Gusa kila nati ya madigadi na wavu kwa kidole. Angalia kama wavu umeziba.

Ukikuta jiwe limenasa kwenye wavu, litoe ulitupe mbali na barabara, lisije likamrukia mwenzako.